Amahoro ya Melania

Huko Butihinda, mkoani Muyinga, Melania alijulikana kwa ugonjwa wa kichwa. Kichwa gani hicho, jamani, cha kumfanya mtu aache maharage yake yamezwe na magugu? Majirani walisema anaringa, ati kwa kuwa alikulia Tanzania. Laiti wangemwona asubuhi, amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, hana nguvu ya kuvaa cha pili.

Alikuwa akiililia kambi. Ndiyo, kambi ya wakimbizi kule Kibondo, na vumbi lake na foleni yake ya unga! Aliikumbuka kwaya, akawakumbuka wenzake waliokuwa wakisukana nywele mlangoni. Lakini utamwambiaje mtu kwamba umerudishwa kwenu na bado unatamani kwenu? Akawa anasema kichwa tu. Mara tatu zahanati ikampa vidonge.

Kaka yake Bonifasi, mwalimu huko Mushasha, mtaa wa mji wa Gitega, akamwita akatibiwe huko. "Mdogo wangu, safari hii sema ukweli. Nakuomba."

Melania akaahidi. Ila sisi Warundi tuna jambo letu: ukiulizwa "Amahoro?", yaani kuna amani, unajibu "Amahoro", hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Na ukishajibu hivyo, utaanzia wapi kulalamika? Hapo ndipo alipokwama mara zote tatu.

Hospitalini Gitega, benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa. Mwanamke aliyeketi kando yake, Anisia, akamuuliza anaumwa nini.

"Kichwa."

"Mimi pia kichwa. Benchi zima hili, dada yangu, ni kichwa."

Kiswahili chake kilikuwa cha kule kule kambini. Melania akageuka, akamuuliza kama naye aliishi kambini.

"Kibondo ulikuwa kanda gani?" akauliza Anisia.

"Ya nne. Karibu na bomba la maji."

"Mimi ya sita. Lile bomba naliota mpaka leo."

Melania akaangua kilio, yeye ambaye hakuwa ametoa chozi tangu arudi. Anisia akamshika mkono, wala hakumwambia anyamaze.

Mlango ukafunguliwa. Nesi Shakila, mzaliwa wa mtaa wa Magarama, hapo hapo Gitega, akamkaribisha ndani.

"Karibu, mama. Amahoro?"

Jibu lilikuja lenyewe hadi ulimini. Melania akalimeza.

"Hapana," akasema. "Hakuna amani."

Nesi akaweka kalamu chini, akamwonyesha kiti akae. "Ikala, mama. Nielezee yote, mi siko na haraka."

Melania akaanzia kwenye bomba la maji.