Paka wangu wanne na mume aliyerudi anakohoa

Admin, jina langu liache, huku mtaani kwetu Nyasubi tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, fundi cherehani. Nina mtoto mmoja tu, Neema, ameolewa Mwanza. Jambo langu nikiwaambia wenzangu wa jumuiya watanicheka, ndiyo maana nalileta kwenu msionijua.

Mume wangu aliondoka miaka kumi na miwili iliyopita kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu. Aliniambia miezi mitatu. Mwaka wa kwanza alikuwa anapiga simu. Mwaka wa pili nikasikia amepata mwanamke huko huko machimboni. Mwaka wa tatu nikaacha kuuliza. Sikupewa talaka, sikuolewa tena, nikabaki na cherehani yangu nashona sare za shule.

Paka waliingia kwangu kwa sababu ya panya. Panya walikuwa wanatoboa vitambaa vya wateja, mama mmoja akanihurumia akanipa paka jike wa kijivu, nikamwita Mayu. Mayu akazaa Pili. Baadaye nikamuokota Chongo mtaroni, jicho moja limeharibika. Wa mwisho, Bwana Shamba, dume kubwa, alikuja mwenyewe na hakuondoka.

Saa kumi na moja alfajiri nipo jikoni kwa ajili yao. Mayu amezeeka, meno yameisha, anakula ugali uliolowekwa kwenye maziwa, na maziwa yawe ya vuguvugu. Pili maziwa hataki kuyaona, yeye ni dagaa, tena niwatoe vichwa. Bwana Shamba anakula mapupu ya kuchemsha, ukitia chumvi anageuka anaondoka. Chongo, msinicheke, anakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama Msukuma yeyote, nisipompikia analia mpaka jirani anagonga ukuta. Sahani nne, kila moja kona yake, na mimi nasimama katikati wasinyang'anyane. Naamka nimechoka, nalala nimechoka. Lakini kuna miaka ambayo bila hao paka sijui ningeamka kwa ajili ya nani.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu baba Neema arudi. Nilifungua mlango asubuhi nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatafuta pumzi. Begi moja, shati linamning'inia. Hakuomba msamaha. Alinisalimia Kisukuma kama ametoka dukani, "Mwangaluka, mama Neema. Kifua kimeniharibikia." Yule mwanamke alikuwa ameshamwacha. Nikamtengea maji ya kuoga, sikujua nifanye nini kingine.

Hospitali walisema vumbi la mawe limeingia kwenye mapafu na halitoki. Daktari akanigeukia mimi. "Mama, moshi, vumbi na manyoya vinamzidishia. Hao paka wasikae naye nyumba moja."

Nikawatoa nje. Siku ya pili tu mbwa wa mtaani wakamng'ata Mayu mguu. Nikawarudisha, nikawafungia chumba cha cherehani. Lakini manyoya yanapita chini ya mlango, na mimi mwenyewe nayabeba kwenye kitenge. Anakohoa mpaka anashika ukuta.

Wiki mbili zilizopita nilishikwa na malaria, sikuweza hata kukaa. Alfajiri nikasikia sufuria zinagongana jikoni. Alikuwa ameamka yeye. Alichanganya kila kitu, dagaa, mapupu, michembe, ugali, akamwaga kwenye sinia moja. Hakuna paka aliyegusa. Akaja akakaa pembeni ya kitanda, anahema.

"Paka wako wana dharau," akasema.

"Hawana dharau. Hujui tu wanachokula."

Halafu akaniuliza, "Na mimi nilikuwa napenda nini?"

Nilitafuta kichwani sikupata. Niliishi na huyu mtu miaka kumi na tano, nilimpikia kila siku, na sikukumbuka hata mboga moja. Yeye akasema, "Mimi pia ulichopenda wewe nimesahau," akainuka akaenda kukoholea uani ili nisimsikie. Nililia siku ile kuliko siku aliyoondoka.

Neema akipiga simu anasema, "Mama, hao ni paka. Baba ni mmoja." Anasema kweli. Shemeji yangu wa kijijini Didia, mdogo wake baba Neema, amejitolea. Yuko tayari kuwachukua paka wakae kwenye ghala lake la mpunga, au kumchukua kaka yake kama mimi nimeshindwa. Lakini kule paka watajitafutia wenyewe, na Mayu asiye na meno hatamaliza mwezi. Na mume wangu akienda Didia atakuwa mbali na hospitali, na yeye ana siku anazobanwa mpaka midomo inabadilika rangi.

Niwaambie kinachonitesa zaidi. Akikohoa alfajiri, mimi nawahi kwa paka kwanza. Namsikia anasubiri chai, nami naendelea kutoa vichwa vya dagaa, kimoja kimoja, bila haraka. Sijui kama ni kwa sababu nawapenda paka, au ni hasira ya miaka kumi na miwili ambayo sijawahi kumwambia hata neno moja. Nimechoka hata kukasirika kwenyewe.

Shemeji anakuja Jumamosi na guta lake la pikipiki, lile la kubebea mpunga. Jana alinipigia akauliza, "Shemeji, nije na viroba vya kubebea paka, au nije na godoro la kumlaza kaka?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Leo kapiga tena sijapokea. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngemjibu nini?