Maua Kifudifudi

“Ludwika, mbona siku hizi unafuma umefumba macho? Umesinzia au unasali?”

Aliyeuliza ni Hermina, jirani wa ng’ambo ya uzio, walipokuwa wameketi barazani baada ya kuvuna viazi, majani ya miti yakipukutika.

“Nasali kwa vidole, shoga yangu. Wewe uliyezoea kusali kwa mdomo hutaelewa.”

Wakacheka, lakini moyo wa Ludwika ulimruka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni tangu kiangazi. Uzi mweupe ulimpotea mkononi, akaona heri afumbe macho, sindano ya kroshia ijitafutie njia yenyewe.

Kijijini kwao mlimani kila mwanamke hufuma. Wakati wa theluji hufuma ua mojamoja, kila mtu la kubuni kwake, maana kuiga la mwenzio ni aibu. Baada ya Pasaka huyaunga maua yakawa kitambaa kimoja, kisha hukitia wanga kikakamae, na Juni hukitandaza nyasini kitakate kwa umande na jua. Mwaka ule kitambaa cha altare, cha Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kilikuwa zamu ya Ludwika.

Giza lenyewe halikumtisha sana. Kilichomtisha ni kigoda. Mama yake alipopofuka, daktari alimrudisha na neno moja tu: basi. Wakamketisha kwenye kigoda nyuma ya jiko, wakampa nyuzi azizungushe ziwe mipira. Watu waliingia, wakachukua mipira, wakatoka. Hakuna aliyemwuliza tena habari ya ua lolote, hadi Mungu alipomchukua. Kigoda kile hakijaondoka. Siku moja ya baridi Ludwika alijikwaa juu yake, akapiga yowe kama aliyekanyaga nyoka.

Wanawake walipokusanyika kwa Hermina kufuma pamoja, Ludwika alisingizia goti. Alijifungia, akageukia dirisha lenye mwanga wa theluji, akafuma huku jasho likimtoka kwa hofu ya kila hatua iliyopita nje. “Bwana,” aliomba, “niachie hata jicho la kushoto.”

Baada ya Pasaka akabuni ujanja. Maua yale malaini yalikuwa yakimkunjamana mikononi, basi akayatia wanga na kuyapiga pasi kwanza, yakakakamaa kama biskuti. Sasa aliweza kuyashika na kuyaunga bila kuangalia. Akamshukuru Mungu.

Siku mbili kabla ya sikukuu, Hermina alikuja mapema kumsaidia kukikunja kitambaa. Akainama nyasini kilipotandazwa.

“Ludwika.”

“Abee.”

“Nani amekuchezea? Safu nzima ya ukingoni maua yamelala kifudifudi!”

Ludwika akapiga magoti, akapapasa. Petali zilizopaswa kuinuka upande wa uso zilikuwa zimelazwa na pasi, uso na mgongo vikawa sawa kwa kupapasa. Vidole vyake havikumwambia kitu alipokuwa akiunga, na sasa pia havikumwambia kitu.

“Ni... ni mtindo mpya,” alisema.

“Mtindo! Na chai uliyonitilia chumvi Jumapili, nayo mtindo?” Kisha sauti ya Hermina ikashuka. “Tangu lini, mwenzangu?”

Huko barabarani zilisikika sauti za wanawake wakija kuona kitambaa. Ludwika alimshika Hermina sketi kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.

“Tangu kiangazi kilichopita. Usiwaambie. Wataniletea mipira.”

“Mtu mzima wewe! Mbuzi wangu wenyewe wanajua huoni, wanakula kabichi zako mbele ya uso wako.” Hermina alikuwa analia huku akisema hivyo. Alikichota kitambaa chote kwenye aproni yake, akawapigia kelele waliokuwa langoni: “Hakijakauka! Rudini kesho!”

Wakaingia ndani. Hermina akachukua mkasi, akaanza kufumua safu ile akiigeuza ua kwa ua, na kila alilogeuza alimwekea Ludwika kidoleni aliunge upya. Ludwika akaunga, moja baada ya jingine. Walipofika kwenye pembe ya kitambaa, Ludwika akasema:

“Hermina, sikukuu ikipita nipeleke kwa daktari. Naye akisema basi, usiniletee mipira ya kuzungusha. Niletee uzi na sindano yangu.”