Seremala Anayefuma Mbeleko ya Mjukuu

Saa mbili asubuhi. Nguruwe wameshalishwa, mabakuli ya uji yameoshwa na kufunikwa. Mo Shengcai anakaa kwenye ubao wa kitanda cha kufumia, anajifunga mkanda mpana kiunoni ili kuukaza mtande wa nyuzi za urefu, anavua ndala na kuweka mguu kwenye kanyagio. Juu ya kichwa chake kinaning'inia kizimba cha mianzi, kikubwa kama tenga la kuku, kimezungushiwa nyuzi nyeupe na kuchomekwa vijiti vyembamba toka juu hadi chini.

Anavuta kijiti cha chini kabisa. Nyuzi kadhaa za mtande zinanyanyuka, nyingine zinabaki zimelala. Anapitisha uzi mwekundu, wa kijani, mwekundu tena, anagonga. Halafu anakichomoa kile kijiti na kukichomeka upande wa nyuma wa kizimba, kwa uangalifu wa mtu anayehamisha yai.

Pembeni yake, kwenye kigoda, mama mkwe wake amepenyeza mkono chini ya kitambaa. Ni Bibi Fan, mwenye miaka themanini na mmoja. Macho yake siku hizi yanaona mwanga wa dirisha tu, basi anakagua kwa vidole.

"Kushoto umebana mno," anasema. "Unapigilia misumari?"

"Nimezoea nyundo, Mama."

"Basi isahau hiyo nyundo. Mtoto anabebwa na kitambaa, habebwi na mlango."

Mlangoni anapita jirani, Lan Meizhen, jembe begani. Hajawahi kupita bila kusema neno.

"Shemeji Mo! Ukimaliza kufuma njoo unisuke nywele!"

"Nywele zipi? Hizo tatu?" Shengcai anajibu bila kuinua kichwa.

Meizhen anaangua kicheko hadi jembe linamteleza. Mambo yamekuwa hivi tangu majira ya kuchipua. Hapa Nalang, kijiji kilichobanwa kati ya vilima vya mawe na mashamba ya mpunga, mwanamume hutengeneza kitanda cha kufumia, akishakaza kigingi cha mwisho hutoka nje, na mwanamke huingia. Shengcai, mwenye miaka hamsini na mmoja, ametengeneza vitanda vya namna hii tangu ujana wake, na milango, na makabati. Hakuwahi kukalia hata kimoja.

Kilichomkalisha ni mbeleko.

Mtoto wa kwanza anapotimiza mwezi mmoja, upande wa mama yake huenda na mbeleko. Bibi mzaa mama ndiye anayeifuma. Yeye ndiye anayemfunga mtoto mgongoni mwa binti yake kwa mara ya kwanza, mbele ya wakwe na majirani. Mbeleko isipokuja, wali wa rangi tano utaliwa, bata wataliwa, pombe ya mchele itanywewa, lakini watu watatazamana. Na mtoto huyo, akikua, ataambiwa.

Lirong, mtoto pekee wa Shengcai, amejifungua msichana wiki nne zilizopita, kijiji cha pili nyuma ya kilima. Sherehe ni Jumamosi ijayo. Mama yake Lirong, Qiulian, ambaye ndiye angepaswa kukaa kwenye ubao huu, alifariki kwa ugonjwa wa ini miaka minne iliyopita.

Shengcai alioa akahamia ukweni, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu. Mkewe alipofariki hakuondoka. "Niende wapi?" anauliza. "Na huyu nimwachie nani?" Anaelekeza kidevu kwa Bibi Fan.

"Umeniachia nguruwe wawili na bomba linalovuja," anajibu bibi. "Usijisifu."

Awali, mfumaji hakuwa yeye. Lirong alipoleta habari ya mimba, Bibi Fan alisema atafuma mwenyewe, na hakuna aliyebisha. Kwenye kitanda cha namna hii macho hayana kazi kubwa, kwa sababu nakshi yote imo ndani ya kizimba. Kila kijiti kinatenganisha nyuzi za kunyanyuliwa na nyuzi za kuachwa kwa mstari mmoja wa picha. Mfumaji huvifuata kwa zamu tu, kimoja baada ya kingine. Nakshi iliyokuwa mle ni ya bata na mawimbi, ambayo Bibi Fan aliifunga yeye mwenyewe alipokuwa msichana, na hakuna nyumba nyingine Nalang yenye nakshi hiyo.

Ndipo Shengcai alipofanya wema.

Bibi alikuwa amepelekwa mjini kutazamwa macho. Shengcai akaona kitanda kimekaa miaka bila kazi, kina vumbi, na baadhi ya vijiti vimetobolewa na wadudu. Seremala hawezi kuona kitu kama hicho akapita. Akachomoa vijiti vyote, akavifuta, akachonga vipya badala ya vilivyooza, akavipiga msasa vikang'aa. Akavipanga juu ya mkeka kwa urefu, virefu kwa virefu, vifupi kwa vifupi, apate kumfurahisha bibi akirudi.

"Nilijiona mtu wa maana kweli," anasema. "Nilikuwa hata nimechinja bata."

Bibi Fan alirudi, akanyoosha mkono kugusa kizimba, akakuta nyuzi zinaning'inia tupu. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akauliza vijiti viko wapi, akaambiwa viko kwenye mkeka, visafi. Jioni ile hakula. Yule bata alikaa mezani mpaka mafuta yakaganda.

Ni kama mtu achukue kitabu, akate kila neno kwa mkasi, ayapange maneno kwa ukubwa, kisha amrudishie mwenyewe kwa tabasamu. Shengcai alipoelewa alichofanya alitoka akaenda kukaa kwenye banda lake la mbao, na anakiri kwamba alilia.

Lirong, kwa simu, alitaka mambo yaishe. "Baba, nunua tu sokoni. Yuan mia mbili unapata nzuri, ya mashine."

"Hata mimi niliona bora iwe hivyo," Shengcai anasema. "Nikamwambia Mama. Akaniuliza, huyo mashine ni ndugu yetu wa upande gani?"

Asubuhi iliyofuata Bibi Fan alimwita. Maneno yake Shengcai anayakumbuka vizuri: "Umezifungua wewe, utazifunga wewe. Halafu utafuma. Mimi vidole ninavyo, macho sina, na kichwani mwangu bata wameanza kuchanganyika. Leta mbeleko ya Lirong."

Mbeleko hiyo ndiyo kazi ya pekee ya nakshi ile iliyobaki nyumbani. Kwa desturi ingefumwa na Bibi Fan, lakini mwaka ule alikuwa amevunjika mkono, hivyo Qiulian aliifuma mwenyewe, mimba ikiwa kubwa, mama yake akiwa amekaa pembeni anamfokea. Lirong alibebwa nayo mpaka alipoanza kukimbia. Bata wengi wamelika, rangi imebaki kwenye pindo la chini tu, lililokuwa limekunjwa ndani ya bitana. Humo walikuwa bata wa safu ya mwisho, hawajalika, wekundu kama walivyotoka kitandani.

Walifumua bitana. Bibi Fan akapitisha kucha juu ya kila mstari na kusema: mbili juu, tatu acha, moja juu. Shengcai akatenganisha nyuzi na kuchomeka kijiti. Akikosea, bibi alimpiga kwenye kifundo cha mkono kwa mpini wa feni ya mkono. Kuna siku walimaliza mistari minne, kuna siku walifumua minne ya jana. Oda za makabati zikangoja. Katika mwezi mzuri kazi hiyo humpa yuan elfu tatu, na miezi ile haikuwa mizuri. Mteja mmoja alikuja kufuata kabati lake, akamkuta fundi ameshika uzi mdomoni, akaondoka bila kuuliza.

Kisha kikaja kufuma kwenyewe. Kitambaa hiki hufumwa kifudifudi, uso wake ukitazama chini. Anachokiona mfumaji ni mgongo wake, vurugu ya nyuzi zinazokatiza. Wengi huweka kioo kidogo chini yake wapate kuchungulia. Bibi Fan amekikataza kioo.

"Ukiwa na kioo utakuwa unatazama bata badala ya kazi," alimwambia. "Bata utawaona siku ya kukata."

Seremala, ambaye maisha yake yote amepima kwa jicho, alifuma miezi miwili bila kuiona sura ya anachofuma.

Leo ndiyo siku ya kukata. Mstari wa mwisho unaingia kabla ya saa nne. Shengcai anagonga, anafungua mkanda, anasimama huku kiuno kinalia. Anachukua mkasi, anauweka, anajifuta viganja kwenye suruali, anauchukua tena. Lan Meizhen amerudi toka shambani, na safari hii ameingia kabisa ndani, matope miguuni.

Nyuzi zinakatika. Shengcai anakibeba kitambaa kwa mikono miwili mpaka dirishani, anakigeuza.

Ni kizuri. Mawimbi ya kijani yamekaa sawasawa, shingo za bata zimepinda vizuri, pembeni kushoto pamebana kidogo kwa wale wanaojua pa kutazama. Kisha Meizhen anasogea karibu.

"Shemeji," anasema polepole. "Hawa bata wako miguu yao umeila?"

Shengcai anatazama. Bata wa kwanza hana miguu. Wa pili hana. Anakimbiza macho safu kwa safu, juu mpaka chini, na wote wako hivyo hivyo, matumbo yamekaa moja kwa moja juu ya mawimbi.

"Nimeruka kijiti," anasema. "Mama, nimeruka kijiti. Jumamosi ni keshokutwa! Nimeharibu tena."

Bibi Fan anacheka. Anacheka mpaka anashika mbavu, na kwa macho yale yasiyoona machozi yanatoka.

"Hujaruka," anasema. "Karuka Qiulian."

Anaeleza huku akipangusa uso kwa mkono. Ilikuwa safu ya mwisho, siku chache kabla Lirong hajazaliwa. Mkanda ulikuwa unambana tumbo, mgongo unamuuma, jua linazama. Kilipofika kijiti cha miguu, Qiulian alikipita. Mama yake alimwambia afumue. Akakataa.

"Akaniambia, bata wangu yuko majini, Mama. Nani anaona miguu ya bata aliye majini?" Bibi Fan anatikisa kichwa. "Mkaidi yule. Nilimnunia siku mbili."

Safu hiyo ndiyo iliyokunjwa ndani ya bitana, na ndiyo pekee iliyobaki kunakiliwa. Kosa la jioni moja limepanda kwenye kizimba, na sasa kila bata atakayetoka humo atatoka akiogelea.

"Ulijua tangu siku ile ya kwanza?" Shengcai anauliza.

"Vidole vyangu havijafa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungerekebisha. Wewe si unarekebisha kila kitu?" Anakivuta kitambaa mapajani, anapitisha kidole gumba mahali ambapo miguu ingekuwa. "Mzaa mama ndiye hufuma. Basi amefuma."

Shengcai anageukia dirisha. Meizhen anatoka nje kuosha miguu.

Kabla ya chakula cha mchana mipango imekamilika. Bitana itashonwa kesho, ya pamba ya buluu. Jumamosi Shengcai ataibeba mbeleko mwenyewe mbele ya msafara kuvuka kilima, naye Bibi Fan atafuata kwa pikipiki ya mtoto wa Meizhen, kwa sharti kwamba aendeshe polepole. Bibi ndiye atakayemfunga mtoto mgongoni. Kwa kazi hiyo macho hayahitajiki. Shengcai anajua wanaume wa kijiji cha pili watamcheka.

"Wacheke," anasema. "Baadaye watakuja kuniagiza."

Ana hakika kazi ya kufuma hataiacha. Jana Lirong alimwambia kwa simu kwamba mtoto akikua kidogo ataletwa hapa akae na babu, na ubao wa kitanda Shengcai ameshapima jinsi ya kuushusha kwa mtu mfupi.

Na vijiti? Alasiri anakaa kibarazani na kisu, anachonga kipande cha mwanzi, anakipiga msasa, anakipima kwa jicho. Ni kijiti cha miguu. Bibi Fan anasikia sauti ya kisu na kuuliza kwa ukali anafanya nini.

"Sikichomeki, Mama. Nakifunga pembeni ya kizimba, kikae tu hapo," anasema. "Mtoto akikua akataka bata wa nchi kavu, atakichomeka mwenyewe."