Kioo cha Hnina Ndani ya Beseni

Katika Hara Ndogo, kijiji cha Wayahudi kisiwani Djerba, kila mwanamume ni kuhani, na kila mwanamke anajua jinsi kuhani wake anavyokoroma. Hnina, mjane, alijua zaidi ya wote. Alikuwa mpambaji wa maharusi tangu ujana wake, na siri za nyumba zilimpitia mikononi pamoja na hina.

Sabato moja Ribbi Sasi, mwalimu wetu wa dini, alihubiri habari za Misri. Wanaume wa Israeli utumwani walichoshwa na kufyatua matofali hata hawakuwatamani tena wake zao. Wanawake wakawafuata na chakula na vioo vya shaba, wakajitazama nao pamoja, wakawatania mpaka wakacheka, na taifa likazaliwa. Vioo hivyo vilipotolewa kwa ajili ya hema takatifu, Musa alivikataa: vyombo vya tamaa! Mungu akamwambia, hivi navipenda kuliko vyote. Kwa vioo hivyo makuhani wakafanyiwa beseni la kunawia. Torati inavitaja vioo hivyo kwa mstari mmoja tu; wahenga wetu ndio walioufungua, wakawasikia wanawake wakicheka ndani yake.

Beseni la sinagogi letu lilikuwa linavuja, na Shushan, fundi shaba na mwangalizi wa sinagogi, alikuwa akikusanya shaba ya kufua beseni jipya. Kesho yake Hnina akampelekea pale sinagogini kioo chake cha kazi, cha shaba.

"Hapana, mama Hnina," Shushan alisema. "Ulimbwende hauingii nyumba ya Mungu."

"Musa naye alisema hivyo, akakemewa."

"Yale masimulizi tu!"

"Masimulizi? Jana si ulilia mpaka ukalowesha ndevu? Na mkeo nilimpamba mimi. Alipokuona mara ya kwanza akaangua kilio, nikamchekesha kwa kioo hikihiki!"

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Shushan akawa mwekundu. "Basi kiache pale nyuma, nitakiyeyusha na shaba nyingine."

"Hukiyeyushi. Kinaingia kizima, na kinaingia kwa mlango wa mbele."

Akaketi kizingitini. Wanaume walipokuja kusali alasiri ilibidi wamruke, na yeye hakusogea hata shibiri. Alikuwa na hasira, tena hasira ya haki: amewafikisha mabinti wa mji mzima kwenye ndoa, leo chombo chake kinaitwa uchafu!

Ribbi Sasi akafika. "Hnina, mbona unatufungia njia?"

"Muulize Shushan, Ribbi. Musa alikuwa na udhuru, hakuwa ameisikia hadithi hii. Huyu ameisikia jana."

Ribbi akamgeukia Shushan. "Kichomelee kwenye beseni," alisema.

Shushan akakipokea kwa shingo upande. Siku ya kukichomelea Hnina alisimama karakanani, mikono kiunoni, akamwona anakilaza kifudifudi.

"Kigeuze."

"Mama, makuhani watajiona nyuso zao wakati wa kunawa!"

"Ndiyo. Kabla hamjanyoosha mikono kutubariki, jioneni kwanza mlivyo."

Shushan akakigeuza.