Kitanda Kisicho na Chandarua

Kile kitanda cha futi tatu nilikinunua kwa seremala wa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Nikakiweka chumba cha nyuma, nikakitandika shuka jipya la maua, tukamwambia kila mtu kwamba ndipo mwenzangu anapolala. Aliyetakiwa kuamini hasa ni afisa wa watoto.

"Haya, mwenye nyumba," mwenzangu akacheka, akajitupa juu yake. "Mpangaji wako anataka bomba la choo litengenezwe."

Tungefanyaje? Sheria imesema waziwazi kwamba watu kama sisi hawapewi mtoto. Mwanamke aliye peke yake anaweza kuomba, basi nikaomba mimi, mpika mahamri, mwenye nyumba niliyoachiwa na marehemu mama. Yeye, mtu wa bara, dobi wa hoteli, akawa mpangaji. Miaka tisa tumelala mto mmoja, leo mpangaji! Nilikasirika mpaka unga ukanishinda kukanda.

Mtoto mwenyewe tulikuwa naye tayari. Mamake alikuwa jirani yetu, muuza mboga. Alituachia mtoto akiwa wa miezi minne ili aende hospitali siku moja tu, na hakurudi. Jamaa walitafutwa, hakujitokeza mtu. Sasa alikuwa na miaka miwili na nusu, maneno kama chiriku, anatuita mama sote wawili. Zilibaki karatasi tu za kumfanya awe wetu. Wangu, maana ndivyo tulivyoandika.

Afisa alikuja asubuhi, mama wa makamo, mzaliwa wa papa hapa. Nikamwamkia shikamoo, akala mahamri mawili kwa mbaazi, akayasifu. Akatazama kadi ya chanjo, jiko, choo. Roho ikaanza kunitulia. Chumbani kwangu akaona kitanda kikubwa na chandarua chake kimefungwa fundo juu. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akasimama, akainua macho darini.

"Kwani huyu mpangaji wako halali na chandarua?"

Lo! Hata msumari wa kukitundikia haukuwapo. Malindi hii, kwa mbu hawa, nani alalaye hivyo? Tulikumbuka mto, viatu vyake mlangoni, hata Biblia yake juu ya stuli. Chandarua hatukukikumbuka, kwa sababu siku zote tumekuwa nacho kimoja.

"Hu... huona joto," nikasema. Mimi huyu, ninayewajibu watu kabla hawajamaliza kuuliza!

Hakunigombeza. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile niliichukia kuliko tusi.

"Mwanangu," akasema, "mimi huandika nilichokiona."

Wiki iliyofuata watu wa ofisi ya watoto walikuja na gari wakamchukua mtoto, wakampeleka makao ya watoto upande wa Tezo, ati mpaka uchunguzi wa ombi langu umalizike. Alipiga mayowe hadi majirani wakatoka nje. Mwenzangu hakutoka. Mpangaji atamliliaje mtoto wa mwenye nyumba? Alikaa jikoni amejiziba mdomo kwa kanga.

Niliruhusiwa kumwona Jumapili moja kwa mwezi. Safari ya kwanza tulikwenda sote, lakini mwenzangu akabaki ng'ambo ya barabara, kando ya duka, na mahamri aliyoyafunga mwenyewe. Mtoto akanirukia shingoni, kisha akachungulia nyuma yangu.

"Mama mwengine yuko wapi?"

Mlezi wa makao alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, daftari mkononi.

"Huna mama mwengine," nikasema. "Mama ni mimi tu."

Akauliza tena. Nikamjibu vilevile, kwa ukali ambao sijawahi kumtolea, na midomo yake ikaanza kutetemeka.

Mwezi wa pili hakuuliza kabisa. Alikula mahamri yake, akacheza na vifungo vya nguo yangu, muda ukaisha. Nilipovuka barabara, mwenzangu alinishika mkono.

"Leo ameniulizia?"

"Sana," nikasema.