Neno Nililolikosea Hagadera

Nilipopata kazi ya ukalimani katika kliniki moja ya kambi ya wakimbizi ya Hagadera, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikujua hata neno moja la Kihispania. Nilikuwa nimetoka shule Garissa na Kiingereza cha darasani, pamoja na Kiswahili ambacho p zake, kama za Wasomali wengi kwetu, zilitoka b. Wakimbizi walikuwa bado wanaingia kutoka mpakani. Kazi yangu ilikuwa kukaa kati ya akina mama wa Kisomali na muuguzi Mhispania, nikigeuza maneno ya hawa kwa Kiingereza na ya yule kwa Kisomali.

Kiingereza cha muuguzi huyo kilikuwa kibovu kuliko changu. Asubuhi moja alikuja anapiga chafya, akamwambia mtoa dawa, kwa Kiingereza, kwamba amefunga choo. Akapewa dawa ya kumfanya aharishe. Kumbe kwao neno linalofanana na lile la Kiingereza maana yake ni kushikwa na mafua tu. Alishinda chooni, na kesho yake akatusimulia mwenyewe. Tukacheka naye, yakaisha.

Nilimpenda kwa hilo, nikamwomba anifundishe lugha yake. Tulisoma wakati wa chai, na nilikosea sana kwa sababu kila kitu nilikipitisha kwenye Kiingereza. Siku moja nilitaka kusema nasikia joto, nikasema “estoy caliente.” Aliniziba mdomo kwa kiganja.

“Hayo mwanamke humwambia mumewe chumbani,” alisema. “Sema tengo calor. Joto ni kitu ulicho nacho.”

Nikaona mbona ni kama Kiswahili. Nina njaa, tengo hambre. Nina kiu, tengo sed. Tangu hapo nilipita njia ya Kiswahili na nikaanza kwenda mbio, ila Kiingereza kilikuwa bado kinanivizia.

Kilininasa siku walipokuja wageni kutoka kwao muuguzi. Wakati wa chakula cha mchana muuguzi alinisifu mbele ya meza nzima, akanitaka niseme lolote. Nilitaka kusema naona haya. Nikalichukua neno la Kiingereza, embarrassed, nikalivisha mkia wa Kihispania, nikasema kwa sauti: “Estoy embarazada.”

Wote waliangua kicheko. Nilikuwa nimewatangazia kwamba nina mimba. Dereva wetu, mtu wa Garissa, aliuliza kuna nini, na mgeni mmoja akamwambia nilichosema bila kumwambia kwamba nilikosea. Jioni hiyo dereva alikuwa njiani kwenda Garissa. Wiki haikuisha kabla sijaitwa nyumbani.

Aliyeniita ni adeer, kaka mkubwa wa baba yangu, aliyetulea tangu baba afariki. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, na mama yuko karibu na mlango.

“Adeer,” aliniambia, maana kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile analoitwa yeye, “nimesikia una mimba, na umeitangaza mwenyewe mbele ya wageni.”

“Nilitaka kusema naona haya. Nilikosea neno.”

“Basi ni rahisi. Kesho mama yako akupeleke hospitali upimwe, watu wanyamaze.”

“Sipimwi.”

“Unaficha nini?”

“Sifichi kitu. Muuguzi wetu alikosea neno akashinda chooni, na hakuna aliyewaita wazee wake. Mimi nimekosea neno, mnataka kunikagua kama mbuzi mnadani. Nikipimwa leo kwa sababu ya neno, kesho nitapimwa kwa kuchelewa sokoni.”

“Basi hurudi Hagadera.”

“Kwa heshima yako, adeer, nitarudi.”

Adeer aliinuka akatoka bila kuniangalia.

Asubuhi mama alinifungia mikate ya anjera kwenye kitambaa. “Hooyo,” alisema, akinirudishia jina la mama ninalomwita, “mimi nakujua.” Akanishika mkono, akanipitisha katikati ya soko la maziwa, palipokuwa na wanawake wote waliokuwa wakinisengenya, hadi kwenye gari la Hagadera. Alimsalimia kila mmoja taratibu. Alitaka watuone vizuri.

Muuguzi aliniomba radhi kwa kucheka, kisha akanifundisha la kusema: “Me da vergüenza.” Kwao haya hupewa mtu. Nikamwambia mimi nilipewa nyingi, ila sikuzipokea.

Nilimtafuta dereva, nikamkuta na wenzake kivulini mwa lori.

“Ulipeleka habari zangu Garissa,” nilimwambia. “Peleka na hizi. Siku ile nilikuwa naona haya. Sasa sioni.”

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Miezi ilipita, na tumbo langu halikuwa na la kusema. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba alinidhania vibaya. Niliendelea na kazi hata baada ya muuguzi kuondoka. Alipoletwa daktari wa kwao asiyejua Kiingereza kabisa, niligeuza Kihispania moja kwa moja kuwa Kisomali, na nilipokosea nilirudia sentensi mbele ya foleni nzima.

Adeer alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Nilipoolewa alisimama kama walii wangu wa kuniozesha, na baada ya dua akaniuliza mbele ya waalikwa kama sasa nitaiacha ile kazi ya wageni.

“Siiachi, adeer,” nilisema.

Mume wangu alichukua birika, akammiminia adeer chai, akasema, “Amekwisha jibu.”