Mzee Kamba, fundi wa chumba kisichotaka chuma

Saa moja asubuhi, Mzee Kamba anasimama mbele ya mlango mzito wa chumba cha vipimo na kuanza kujipekua. Funguo zinaingia kwenye bakuli la plastiki. Simu, sarafu na miwani yenye fremu ya chuma vinafuata. Suruali yake haina zipu wala mkanda. Imefungwa kwa kamba ya pamba, na hapo ndipo lilipotoka jina analoitwa na maabara nzima.

Leo hayuko peke yake. Mkewe, fundi cherehani aliyezishona suruali hizo zote, yuko pembeni katika gauni la kufunga kwa vitambaa, akiutazama mlango kama mtu aliyepelekwa kung'olewa jino.

"Usinicheke," anamwonya mumewe. Mzee Kamba hacheki, ila mabega yanamuumbua.

Maabara hii inaishi kwa vipimo vya hali ya juu. Chumba cha jirani kina saa za atomu, ambazo mtu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa kabla hazijakosea sekunde moja. Humu mna ndugu zao: vichupa vya kioo, vidogo kama ncha ya kidole, vyenye mvuke wa madini ya rubidi. Leza ikipita kwenye mvuke huo, atomu zake huonyesha nguvu yoyote ya sumaku iliyo karibu, hata ile hafifu inayotoka kwenye moyo wa mtu unapodunda.

Kuta za chumba zina tabaka maalumu za kuizuia sumaku ya dunia. Pini moja ya nywele ikipenya, kazi ya asubuhi imeharibika. Mwandishi wa makala haya alinyang'anywa hata kalamu, na bila kalamu alijiona yuko uchi.

Kazi ya Mzee Kamba ni kukitunza chumba hicho: kusafisha, kupasha vichupa joto, kupanga vifaa juu ya kitanda cha mbao. Wagonjwa wanaofika hapa wengi ni watoto, ambao mioyo yao hupimwa bila kubandikwa waya hata mmoja. Lakini kabla hawajafika, vifaa lazima vijaribiwe. Kwa zaidi ya miaka kumi, aliyelala kitandani hapo kila asubuhi kuvijaribu alikuwa yeye. Moyo wake ukionekana kama ulivyokuwa jana, vifaa ni vizima.

"Nimelipwa kwa kulala," anasema. "Nitajie kazi nyingine kama hiyo."

Miezi michache iliyopita, mistari kwenye skrini ilianza kuyumba. Palipotakiwa kuwa na pigo la moyo pakawa na pengo. Mtafiti mkuu, mwanamke mtaratibu asiyependa kubahatisha, alishuku kichupa kimoja. Mzee Kamba akamuunga mkono, akakibadilisha. Pengo likabaki palepale. Wakabadilisha leza, wakakagua nyaya, wakailaumu lifti ya jengo la jirani. Mzee Kamba alikwenda mwenyewe kugombana na watu wa lifti, ambao hadi leo hawajui walikosa nini.

Moyo wenyewe haukushukiwa na mtu. Huo ndio uliotumika kupimia vitu vingine vyote, na mwenye moyo alikuwa wa kwanza kuapa kwamba mashine imeharibika.

Siku mtafiti mkuu alipochoka, alilala mwenyewe kitandani. Mistari ikatulia, pigo kwa pigo.

"Tuliikosea mashine," mtafiti anakumbuka. "Tulikuwa tumeifungua mashine nzima kwa kosa la kusema kweli."

Hospitali ilithibitisha. Daktari wa moyo alimweleza Mzee Kamba kwamba moyo wake unasimama kwa vipindi vifupi na anaweza kuanguka wakati wowote. Anahitaji kuwekewa kifuani kifaa chenye betri cha kuyaongoza mapigo. Tatizo ni kwamba kifaa hicho kingevuruga vipimo, hivyo mwenye nacho hawezi tena kuingia kwenye chumba kile.

Mzee Kamba akatia nta masikioni. Aliomba muda, akaongeza mwingine. Alidai vijana wa maabara hawatulii, leo wapo, kesho wamehama. Bila moyo mmoja unaojulikana, watoto watapimwaje? Ukweli ameusema baadaye, tena kwa sauti ya chini.

"Si kisu nilichoogopa. Niliogopa kuwa mtu wa nje ya mlango."

Nyumbani hapakukalika. Mkewe alikuwa amevumilia mengi, hata kuishi na mume anayevua pete ya ndoa kila asubuhi, mpaka pete ikahamia kwenye droo ya cherehani na majirani wakaanza kuuliza maswali. Hili la moyo lilimshinda. Alimfuata mpaka kazini, akamuuliza mtafiti mkuu, mume akisikia, kama moyo wa fundi cherehani unafaa.

"Mimi nitalala," alisema. "Yeye aende hospitali. Namjua huyu, kisingizio kingine hana."

Mtafiti alikubali, mradi moyo huo ukaguliwe kwanza. Umekaguliwa wiki iliyopita, ni mzima. Ndiyo sababu mama huyu yuko mlangoni leo.

Anaanza kuvua pete yake. Inagoma kwenye kiungo, anailowesha kwa mate, inatoka. Bakuli liko mbele yake, lakini anampa mumewe.

"Shika. Wewe leo huingii."

Mzee Kamba anaitazama kamba kiunoni mwake. Kwa mazoea, alikuwa ameshajiandaa. Anamwacha mkewe aingie na mtafiti mkuu, anasubiri mtafiti atoke, kisha anaufunga mlango na kukaa mbele ya skrini, mahali ambapo hakuwahi kukaa vipimo vikianza.

Mistari inapanda na kushuka, haikosi. Anaitazama muda mrefu, pete ikiwa kiganjani. Macho yake yamelowa na hayafichi. Mtafiti anamuuliza kama vifaa ni vizima, naye anaitikia kwa kichwa.

Jumatatu anaingia hospitali. Akipona, amepanga kurudi kwenye kiti hiki, awe anawatuliza watoto kwa kipaza sauti wakati wa vipimo.

Mlango unafunguliwa. Mkewe ananyoosha mkono, anarudishiwa pete yake, anaivaa.

"Na ile yangu?" Mzee Kamba anauliza.

"Iko kwenye droo, chini ya nyuzi. Ya nini?"

"Nakuja nayo kazini," anasema. "Huku nje havui mtu."